Nani Atampa Jina Mtoto wa Vuai

Hapo zamani, kabla saruji haijajulikana, palikuwa na mji uliojengwa kwa mawe na chokaa, na chokaa yote ya mji huo ilitoka katika tanuu la mtu mmoja. Mtu huyo aliitwa Vuai. Nisikilizeni vizuri, maana nikifika mwisho sitawapa jibu. Nitawataka ninyi mnipe.

Vuai alikuwa fundi. Alijua kuni zipi huchoma jiwe na zipi hulibabua tu. Alikuwa na mke, Mize, na binti, Kidawa, na mimba ya pili ya Mize ilikuwa imeanza kuonekana. Tena alikuwa na hasira.

Hasira yake ilikuja bila hodi. Chakula kimechelewa, sahani ukutani. Jembe halionekani, mlango teke. Kisha ikaisha, naye akawa mpole kuliko watu wote, akainama na kuokota vigae vya sahani kimoja kimoja. Watu wa mji wakasema, "Ndivyo alivyo." Mize naye, kwa muda mrefu, alisema hivyo hivyo.

Siku moja Kidawa alimpelekea baba yake maji ya kunywa tanuuni. Chokaa ilikuwa imetoka motoni, ingali mbichi, na chokaa mbichi ikiguswa na maji huchemka. Mtoto alijikwaa. Maji yakamwagika juu ya rundo, rundo likaanza kutokota, kazi ya siku nyingi ikaharibika. Vuai akampiga mtoto kofi. Kofi moja tu. Mtoto akaanguka, na mkono wake wa kulia ukaingia katika chokaa iliyokuwa ikitokota.

Mkono ulipona, lakini vidole viwili havikukunjuka tena.

Mize hakupiga ukelele. Aliufunga mkono wa mtoto, akakunja kanga zake, akasimama mlangoni.

"Mize, sikukusudia," Vuai akasema.

"Najua hukukusudia. Hujapata kukusudia hata siku moja."

Akaenda kwa kaka yake, Foum.

Sasa katika mji ule palikuwa na desturi. Mwanamke akirudi kwao kwa sababu ya mkono wa mumewe, mume haendi moja kwa moja kwa kadhi. Kwanza hukalia mkeka. Hutandikiwa mkeka katika ua wa wakweze, baada ya sala ya alasiri, na ndugu wa mke humsema. Humwambia lolote: yaliyo kweli, ya uongo, ya jana, ya mababu. Naye hajibu kwa neno wala hainuki. Akiukalia mkeka mpaka adhana ya magharibi, anayo ruhusa ya kumwomba mkewe arudi. Akiinuka kabla, basi ameinuka. Mke ni wa kwao tena, na watoto ni wa kwao, na hakuna mkeka wa pili.

Mize alimpelekea mumewe maneno mafupi: "Njoo ukalie mkeka kabla sijajifungua. Ukija ulivyo, usije."

Vuai akabaki katika nyumba yake. Nyumba aliyoondoka mke haiwi kimya kama watu wanavyodhani. Mtungi unasikika unavyotoa jasho. Ufagio uliosimamishwa ukutani unateleza wenyewe, na mtu anageuka kuona ni nani. Vuai aligeuka mara nyingi. Siku moja alitoka akaenda msikitini, na baada ya sala akasimama mbele ya watu.

"Jamaa," akasema, "ninayo hasira, na itanimaliza. Atakayeniondolea, sina cha kumpa chenye thamani ila kimoja. Mtoto aliye tumboni mwa Mize, yeye ndiye atakayempa jina."

Watu wakatazamana. Katika mji ule, anayempa mtoto jina ni mzazi wa tatu. Hula katika nyumba ile bila kukaribishwa. Mtoto akioa au akiolewa, yeye huulizwa kwanza. Na kila mtu alijua kwamba Vuai alikuwa amemwekea mtoto huyo jina la marehemu baba yake. Alikuwa ametoa kitu kikubwa.

Basi akaanza kutafuta. Akanywa kombe, maji ya aya zilizooshwa sahanini, hasira ikabaki. Akaoga majani ya mwarobaini, hasira ikabaki, tena sasa ikanuka mwarobaini. Wakamwambia, "Nenda kwa Bi Kazija, mpunga mashetani." Akamfunga mbuzi kamba, akaenda.

"Nina shetani, Bi Kazija. Nimekuja unipunge."

"Nani kakwambia una shetani?"

"Watu wote."

"Watu wote wamekuwa waganga, mimi nimebakishiwa kazi gani? Kaa." Akamtazama. "Huyo shetani wako, alipata kumpiga liwali?"

"Hapana."

"Mwenye msitu unamokata kuni?"

"Hapana."

"Shemeji yako Foum, yule mwenye mabega kama mlango wa ghala?"

"Foum? Hapana."

"Basi humpiga nani?"

"Sahani. Mlango." Akaivuta kamba ya mbuzi. "Mtoto."

"Shetani wako ana akili nyingi, mwanangu. Anajua wa kumpiga na wa kumwogopa. Mimi nimepunga mashetani tangu mama yangu yu hai, sijaona mwenye adabu ya namna hiyo. Niwajuao mimi humtukana liwali mbele ya askari wake. Chukua mbuzi wako uende."

"Nitaongeza wa pili."

"Hata ulete zizi. Huna shetani, Vuai. Hasira ni yako mwenyewe. Nikikupigia ngoma utatoka hapa umefurahi, na siku utakayompiga mtoto tena utasema dawa ya Kazija haikufaa. Nenda kwa Usi, mwosha maiti. Yule anajua kukaa na mtu aliyeharibikiwa bila kumwambia pole."

Vuai akatoka na mbuzi wake. Watu walimwona njiani, mtu mzima, kamba mkononi, machozi yanamtoka. Ilikuwa mara ya kwanza kusema, hata kwa moyo tu: ni mimi.

Usi alikuwa mtu wa makamo, mkavu wa maneno. Watu walimsalimu kwa mbali, kwa sababu ya kazi ya mikono yake. Mkewe alikuwa amefariki, na alimwosha yeye mwenyewe, hakukubali mwingine amguse. Vuai alipomweleza haja yake, Usi alikuwa akikunja sanda. Hakuacha kukunja.

"Mimi wangu nilimzika kwa amri ya Mungu," akasema. "Wako yu hai, nawe unamzika. Sijui kama naweza kukaa chumba kimoja nawe." Akakunja hadi mwisho. Kisha akasema, "Kaa. Mara ya mwisho ilianzia wapi?"

"Mtoto alimwaga maji."

"Sikuulizi mtoto alifanya nini. Ndani yako ilianzia wapi?"

"Kichwani."

"Uongo. Nenda. Rudi kesho."

Akarudi kesho. Akarudi kesho yake tena. Kila siku Usi aliuliza lile lile: "Leo ilianzia wapi?" Vuai akasema kifuani, Usi akamwambia nenda. Akasema tumboni, akamwambia nenda. Mara nyingine Vuai alikasirika papo hapo, akasimama, na Usi akauliza bila kuinua macho, "Haya, hiyo hapo. Inaanzia wapi?"

Mpaka siku moja Vuai alikuja amebadilika uso. "Usi, nimeiona. Ni vidole. Kabla ya moto wowote, vidole vinakuwa baridi."

Usi akaweka kitambaa chini. "Na kabla ya vidole?"

Vuai akavitazama vidole vyake. "Kabla ya vidole naona aibu. Yule mtoto alipomwaga maji, wafanyakazi walikuwa wanatazama. Nikasema moyoni, watasema Vuai hana amri hata kwa mwanawe."

"Aibu hiyo siwezi kukuondolea. Lakini vidole vikipoa, unayo nafasi, ndogo kama kufumba na kufumbua macho. Viweke chini. Popote ulipo, weka mikono yako chini, mpaka viwe vya kwako tena."

Ukawa ndio mwendo wake. Pale tanuuni watu wakamwona Vuai anainama ghafla na kushika ardhi, kama aliyeangusha sindano. Wengine wakacheka. Ngwali hakucheka.

Ngwali alifanya kazi naye tanuuni, na alikuwa mtani wake: babu zao walikuwa watani, nao wakaurithi utani kama watu wanavyorithi shamba. Akamwita kando.

"Mtani, haya ya Usi ni mazuri. Lakini unayafanya kwa Usi, mahali penye ubani na kimya. Mkekani kwa Foum hakuna ubani. Utatukanwa mpaka masikio yatoke usaha. Nani amekufundisha kutukanwa?"

"Hakuna."

"Basi umempata. Tena bure."

Akaanza asubuhi ile ile. "Vuai, uso wako kama tanuu lililoanguka, na bado moshi unatoka." Vuai akainama, akashika ardhi. "Vuai, mkeo hakukimbia hasira, alikimbia unavyokoroma." Akashika ardhi. "Vuai, ukoo wenu mlianza lini kuoga, au mnasubiri tangazo?" Akashika ardhi, mabega yakatikisika, watu wasijue kama ni hasira au kicheko.

Siku moja Ngwali akasema, "Na huyo wa tumboni, akizaliwa, mwambie akae mbali na maji."

Vidole vikapoa. Vuai hakuviona. Akachukua mpini wa koleo akampiga Ngwali mdomoni, na jino la mbele likaanguka mavumbini.

Vuai akaangusha mpini, akakaa chini kama gunia. Alijua kwamba yote yamekwisha: neno litafika kwa Foum kabla ya jua kutua, na mkeka hautatandikwa. Ngwali akaokota jino lake, akalifuta kwa shati, akawageukia wenzao wa tanuuni, damu inamtiririka kidevuni.

"Nimejikwaa," akasema. "Mmeona nyote nilivyojikwaa."

Asubuhi yake akarudi kazini, shavu limevimba. Vuai hakuthubutu kumtazama.

"Mtani," Ngwali akasema kwa pengo lake jipya, "uso wako leo umevimba kuliko wangu. Inuka. Tulifika pale pa watoto. Tuendelee hapo hapo."

Wakaendelea hapo hapo.

Siku ya mkeka ikafika. Ua wa Foum ukajaa. Mize alikaa ndani, nyuma ya pazia, mimba yake nzito. Vuai akaja peke yake, akavua viatu, akakaa, akaweka viganja vyote viwili juu ya mkeka.

Foum akaanza. "Mnamwona? Mchoma chokaa. Alipokosa mawe akachoma mwanawe."

Wadogo zake Foum wakapokea. Wakamwita mchawi. Wakamwita shujaa wa watoto. Mmoja akaleta maji kwenye kata, akayamwaga mbele yake taratibu: "Haya, shemeji, maji hayo yamemwagika. Piga." Watu wakacheka. Viganja vya Vuai vilibonyea mkekani mpaka mishipa ikasimama.

Kisha shangazi yake Mize akasogea. Alikuwa mwanamke mpole, na sauti yake ilikuwa ya huruma. "Mwanangu," akasema, "sisi si wanyama. Itikia kwa kichwa tu, utuoneshe kwamba ni shetani aliyefanya. Hayo yanatokea. Tutakuombea dua, utamchukua mkeo, utakwenda zako. Ni shetani, sivyo?"

Hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko matusi. Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Vuai alimtazama yule mama. Akatikisa kichwa: siyo.

Nyuma ya pazia, Mize alisikia watu wakiguna.

Jua likaendelea kushuka. Foum akaingia ndani, akatoka na Kidawa. Akaufungua mkono wa mtoto mbele ya baba yake. "Tazama. Usifumbe macho. Hivi vidole viwili, atashikia nini sindano? Atashikia nini mwiko? Mwambie mwenyewe." Naye Vuai hakuruhusiwa kujibu. Mtoto alimtazama baba yake, na baba akamtazama mtoto, na machozi yakamshuka Vuai mpaka shingoni, na viganja vyake havikuondoka mkekani.

Foum akakaribia, akainama, uso kwa uso. Wakabaki hivyo, mmoja ameinama, mmoja ameketi, pumzi zao zinagongana.

Adhana ikalia.

Vuai hakuwa ameinuka. Mize akatoka nyuma ya pazia, akasimama mbali naye kidogo. Hakutabasamu. "Nitarudi," akasema. "Lakini Kidawa hutamwita. Atakuja kwako siku atakayotaka mwenyewe."

Mize akajifungua mtoto wa kiume. Siku ya saba watu wakakusanyika nyumbani kwa Vuai kwa kumnyoa mtoto na kumpa jina. Nywele zikanyolewa. Asali ikaletwa. Vuai akampakata mwanawe, akasema, "Niliweka ahadi msikitini. Nani atampa jina?"

Bi Kazija akasimama. "Ni mimi. Mtu hawezi kutibiwa ugonjwa asiokiri kuwa ni wake. Nilimkataa mbuzi, nikamkataa na wa pili. Na pale mkekani, alipopewa shetani bure, nani alimfundisha kumkataa? Angeitikia, angerudi na mke, angerudi na hasira ile ile. Jina ni langu."

Usi akasimama. "Kujua kwamba nyumba inayoungua ni yako si kuuzima moto. Bi Kazija alimwambia ni yako, akamfungia mlango. Mimi nilimkalisha. Kila siku, na sikumpenda. Nilimtafutia mahali moto unapoanzia, nikampa cha kufanya kwa mikono yake. Ninyi nyote mliona mikono hiyo ilikuwa wapi pale mkekani. Jina ni langu."

Ngwali akasimama, akaonesha pengo lake. "Wenzangu walimpa maneno. Mimi nilimpa jino. Ya Usi alikuwa nayo siku aliyonipiga, mbona hayakumzuia? Ningekwenda kwa Foum na jino langu mkononi, leo tungekuwa hapa? Nilirudi. Nikamtukana mpaka matusi yakawa kwake kama mvua juu ya jiwe. Jina ni langu, na jamani, afadhali mtoto apewe jina na mtu mwenye kucheka."

Watu wakacheka kweli. Lakini kabla kicheko hakijaisha, Foum akasimama.

"Jina ni langu," akasema.

"Wewe?" Ngwali akauliza. "Wewe uliyemtukana?"

"Mimi. Nyote mnamsifu kwa kukaa. Aliyakalia niliyoyasema. Hakukalia nisilolisema. Kuna neno moja juu ya mama yake, namna alivyokufa na nani alimwua kwa kipigo. Vuai alimwambia Mize peke yake, na Mize, siku alipokuja kwangu analia, akaniambia. Nilipoinama pale usoni mwake, neno hilo lilikuwa kwenye ulimi. Nilijua litamwinua. Nilimchukia kuliko nilivyopata kumchukia mtu. Nikamwona Kidawa anatutazama wote wawili, nikalimeza. Mmemfundisha kuzuia hasira yake, sawa. Lakini siku ile hasira iliyozuiwa mpaka mwisho ilikuwa yangu, na mimi hakuna aliyenifundisha."

Wote waligeuka kumtazama Vuai. Alikuwa amesikia jambo lake la siri likitajwa mbele ya mji mzima, ukingo wake tu, si lenyewe. Jina la baba yake, lile alilokuwa amemwekea mtoto, lilikuwa ndani ya neno lile. Waliona akimpa Mize mtoto. Waliona akiinama polepole, akaweka viganja chini, sakafuni, akakaa hivyo.

"Foum," Mize akasema, "neno hilo nilikupa mimi. Si lako kulisema, wala si lako kujisifia kwamba hukulisema."

"Sijalisema," Foum akajibu.

"Vuai," Mize akasema, "wewe ndiye uliyeketi pale. Ni nani aliyekushika?"

Vuai aliinua uso. Mikono yake ilikuwa bado chini.

"Sijui," akasema. "Haya ya watatu hawa yote ni kweli, niliyahisi. Na ya Foum nayo, siwezi kusema ni uongo. Kama angelisema neno lile, sijui kama ningekaa. Mkitaka tujue, na aliseme sasa."

Foum akafungua kinywa. Mize akamkumbatia mtoto. Kidawa, aliyekuwa amekaa kwa bibi yake, yule shangazi wa Mize, akainuka, akapita katikati ya watu, akaketi sakafuni mbele ya baba yake, akaweka mkono wake wenye kovu karibu na mkono wa baba, bila kuugusa. Foum akafunga kinywa kwa mara ya pili.

Basi hivyo ndivyo walivyokaa: mtoto hana jina, asali inasubiri, na watu wanne wanadai. Mmoja alimnyima kisingizio. Mmoja alimpa njia. Mmoja alimpa mwili wake ajifunzie. Mmoja alikuwa na silaha mkononi, hakuitumia. Ahadi ilikuwa ni kwa yule aliyemwondolea hasira, na wapo waliosema pale pale kwamba haikuondoka, imeketi tu.

Ninyi mlionisikiliza, msinijibu haraka, na anayejibu aseme na sababu yake. Je, nani alistahili kumpa mtoto yule jina?